Alikokwenda Baba Alasiri

Juzi nilimwona mwanamume akishika kikombe kwa mikono miwili inayotetemeka, nikamkumbuka Baba, aliyekuwa akishika chake vivyo hivyo nilipokuwa mtoto. Tulimjua kuwa mlevi, naye alikuwa ameanza kutoweka kila baada ya sala ya alasiri.

"Baba yako ana mwanamke," Mama aliniambia siku moja. "Twende tukamwone."

Tulimfuata mpaka nyumba ya udongo upande wa Mbegani. Dirishani kulinuka ubani na kahawa, na wanaume walikuwa wakilia. Nikadhani kuna msiba.

"Jana nilifika mlangoni kwa mgema, ndugu zangu," tulimsikia Baba akisema, "nikarudi."

"Alhamdulillahi," wakaitikia.

Sasa najua walikuwa walevi wakisaidiana kuacha tembo. Mama alinivuta mkono, tukaondoka. Baba aliporudi, Mama alimwandalia chakula bila kumnusa kinywa.