Bibi Aliyekalishwa

Nilipokuwa mtoto kule Koboko, kando ya njia iendayo mpakani mwa Congo, kitu nilichokiogopa kuliko nyoka ni mzee mwenye nguvu. Tulilelewa hivyo. Mzee aliyepinda mgongo na kulalamikia magoti alikuwa mzee wa kawaida. Unamwamkia, unambebea maji. Lakini mzee mwenye mvi kichwa kizima ambaye bado analima kama msichana, huyo, watu wazima walisema wakishusha sauti, anakula miaka ya watoto. Nguvu zake si zake. Amezichota mahali.

Shida ni kwamba mzee wa namna hiyo alikuwa bibi yangu.

Bibi Kiden, mama yake baba, aliishi peke yake katika nyumba ya udongo mwisho wa uwanja wetu, na hakukubali kupikiwa. Alilima muhogo wake na ufuta wake. Alikwenda kisimani na kurudi na mtungi kichwani bila kuushika, huku akiongea. Mama yangu alikuwa ameolewa kutoka upande wa Congo na Kikakwa, lugha yetu, kilimshinda, kwa hiyo wawili hao walizungumza Kiswahili chao. Kila msimu wa kulima Mama alimwambia, "Mama, pumuzika basi." Bibi alicheka. "Nikipumzika, nani atasimama na miguu yangu? Mimi iko muzima."

Ukafika mwaka wa surua. Baba Mkubwa Wani, kaka yake baba, alizika watoto wawili kabla mvua hazijakatika. Kisha mdogo wangu Lemi, aliyekuwa bado ananyonya, akashikwa. Mwili ulimwaka moto, macho yakawa mekundu, na hata kulia hakuweza, alikoroma tu.

Alasiri moja Baba Mkubwa alirudi kutoka kwa mpiga ramli, akaja moja kwa moja uwanjani kwetu. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani, udongo umemganda miguuni.

"Mama," alisema, "watoto wanaanguka na wewe unasimama tu. Ramli imesema. Miaka yao iko kwako."

"Wani, nilikuzaa mimi. Nitakula watoto wako kwa nini?"

"Sijui, Mama. Mimi sijui." Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, mtu mzima yule. "Kaa chini tu. Kaa, tuone."

Ninapomkumbuka leo siwezi kumchukia. Mtu aliyezika watoto wawili atashika hata moshi.

Bibi alimtazama baba yangu. Baba akatazama chini. Ndipo Bibi akamgeukia Mama, nadhani akitarajia kuwa huyu mgeni asiye na mizimu yetu atamtetea. Mama alikuwa amempakata Lemi. Aliinua uso na kusema, "Mama, nisaidie. Kama iko kweli hata kidogo, nisaidie."

Bibi aliweka jembe chini taratibu. Akaketi juu ya mkeka. "Basi," alisema. "Nimezeeka leo."

Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia. Asilime, asichote maji, asiwashe moto wake. Alishwe, aogeshwe, akae. Wakati shangazi, dada yake baba, akiwa anazima jiko la Bibi, Mama alimfunga Lemi mgongoni na Baba akawapakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Walikaa huko hadi homa ikashuka, kwa sindano na dawa na maji ya chupa mshipani. Lemi alirudi shingo nyembamba kama ya kuku, lakini akitafuta ziwa la Mama.

"Mmeona?" alisema Baba Mkubwa.

Ilinichukua miaka kuelewa mtego ule. Lemi angekufa, Bibi angekuwa mchawi. Lemi alipona, kwa hiyo Bibi alikuwa mchawi aliyeachilia. Na aliyeachilia akisimama tena, je?

Wiki za kwanza alifanya mzaha. Alisuka kamba akiwa amekaa, akaagiza chakula kwa sauti ya chifu. Siku moja alisimama kwenda kuangalia ufuta wake, shangazi akapiga kelele uwanja mzima: "Unataka kumuua mtoto?" Jioni ile Lemi alikohoa, kikohozi cha mtoto yeyote wakati wa vumbi. Baada ya hapo Bibi hakuachwa kwenda hata chooni peke yake. Miguu yake ilianza kukonda, kisha magoti yakakaza. Yule aliyebeba mtungi bila mikono akawa anatetemeka kushika kikombe.

Kuna mchana mmoja ambao haunitoki. Wakubwa walikuwa shambani. Bibi aliniita.

"Nishike, nisimame kidogo. Hakuna mutu anaona."

Nilimshika kiunoni. Alikuwa mwepesi kuliko kuni. Alisimama, akatazama shamba lake lililogeuka majani, akapumua kama mtu aliyetoka ndani ya maji. Akapiga hatua. Kisha akasita.

"Lemi iko wapi?"

"Amelala, Bibi."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Nenda uangalie."

Nilikimbia ndani. Lemi alikuwa amelala chali, tumbo likipanda na kushuka. Nilipotoka kumwambia, Bibi alikuwa amekwisha kujikalisha mwenyewe, mikono juu ya mapaja. Hakuniomba tena. Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu nilijua kwamba hata yeye sasa aliamini.

Alikufa kabla ya mavuno yaliyofuata. Msibani watu walimsifu, wakasema alizeeka vizuri.

Lemi sasa ni mtu mzima, ana nyumba Awindiri, hapa mjini Arua, na Mama anakaa naye. Mama ana miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo Bibi alipokalishwa. Mpaka juzi juzi alikuwa na mchicha wake nyuma ya nyumba, na alitembea mwenyewe sokoni kugombana na wauza samaki. Kisha akajikwaa mara moja, hakuumia, lakini Lemi akaingiwa na hofu. Aliajiri msichana wa kazi. Akapiga saruji uwanja wote, mchicha ukafukiwa, ili Mama asipate pa kulima. Akamnunulia kochi laini na kuliweka mbele ya televisheni. Nilipokuja kutoka Koboko nilimkuta Mama anashika ukuta kwenda chooni.

Nilimwambia Lemi. Alikasirika. "Dada, Mama amechoka maisha yake yote. Mimi niko hai, watu wamuone mama yangu anashika jembe? Watasema nini?"

Basi nikamsimulia. Hakuna aliyewahi kumwambia habari hii. Unaanzaje kumwambia mtu? Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umemvimba.

"Kwa hiyo alikaa kwa ajili yangu."

"Alikaa kwa sababu sisi tuliogopa. Wewe ulikuwa unanyonya."

Tulidhani Mama amesinzia. Sauti yake ilitoka kwenye kochi. "Mimi ndiye nilimuomba." Miaka yote ile hakuwahi kulitamka. "Lemi aliponiambia nikae, sikukataa. Nilisema moyoni, sasa ni zamu yangu."

Lemi alitoka nje. Nilimsikia akilia juu ya saruji yake.

Sasa kila asubuhi anamtoa Mama hadi barabarani, taratibu, huku bodaboda zikiwapita, na kumrudisha. Daktari aligonga magoti ya Mama kwa kidole, akasema tumechelewa. Kuna siku anafika mbali kidogo. Kuna siku, kama leo, anakataa kutoka, anageukia ukuta, na hakuna maneno yetu yanayomfikia.

Ninakaa kando ya kitanda chake nikifikiri. Bibi alikalishwa na hofu. Mama amekalishwa na upendo. Miguu haikujua tofauti. Wala hakuna mtoto yeyote aliyewahi kunyang'anywa miaka na mwanamke aliyekuwa analima muhogo wake. Walionyang'anywa walikuwa wao, na sisi tulikuwepo, tukiwaambia wapumzike.