Moraa na Nyayo za Gesima

Enzi zetu kule Gesima, mtoto hakupewa chai kabla hajatoka nje kuangalia ni mnyama gani aliyepita usiku. Babu alitaka kujua umande ukiwa bado haujakauka. Viazi vitamu vikifukuliwa na kuachwa vimetafunwa nusunusu, huyo nungunungu. Kinyesi kilichojaa mbegu za mapera kando ya njia, huyo fungo. Manyoya ya kuku yakielekea mtoni, hapo babu alimwita Moraa aseme ni nani.

Moraa ni binamu yangu, na nitasema wazi, nilimwonea wivu mpaka uji nikauacha ukapoa. Kwetu babu huwatania wajukuu wa kike kwamba ni wake zake, kwa hiyo sote tulikuwa wake wenza. Lakini mke mpendwa alikuwa mmoja tu. Anainama, anachungulia udongo, anasema "nguchiro", na babu anacheka kwa raha ambayo mimi sikuwahi kumpa.

Asubuhi moja nikaamua leo ni leo. Nikatangulia kwenye shamba la majani chai, nikakuta nyayo pana topeni, nikarudi mbio nikitangaza chui. Wachumaji wakaweka vikapu chini, hakuna aliyethubutu kuingia shambani. Babu akaja, akachuchumaa.

"Chui huficha kucha akitembea, mke wangu. Hizi kucha zote ziko nje. Huyu ni mbwa wa jirani."

Kicheko cha wachumaji nilikivumilia. Kilichoniuma ni kwamba babu alimwita Moraa aje ajifunze kutokana na kosa langu.

Siku hizi bonde limejaa mikaratusi na nyumba za mabati. Watoto wetu ukiwaonyesha alama kwenye tope watakutajia aina ya pikipiki, na kweli wanapatia. Babu alishapumzika. Nilidhani wivu wangu ulizikwa naye.

Desemba iliyopita Moraa alikuja kututembelea kutoka Kisii mjini, akashuka mtoni na binti yangu, yule asiyebanduka kwenye simu. Nikawafuata. Niliwakuta wamechuchumaa juu ya nyayo kando ya maji, simu imetupwa nyasini, binti yangu akiuliza maswali ambayo hajawahi kuniuliza mimi. Nikasema hata mimi naweza kumwonyesha.

"Mama, ngoja kwanza Anti amalize," akaniambia bila kugeuka.

Enzi zile nikinuna, babu alikuja kunibembeleza kwa ndizi mbivu. Safari hii nilirudi nyumbani peke yangu, nikainjika chai, na hakuna aliyekuja kuuliza nimenunia nini.