Nyumba Yetu Katika Daftari la Baba

Daftari la wakazi wa nyumba zetu kumi lililiwa na mchwa, na baba yangu, aliyekuwa balozi, yaani kiongozi, wa nyumba hizo tangu sijazaliwa, akaniamuru niliandike upya. Mimi, niliyeko Toronto, ghorofa ya kumi na moja, Barabara ya Dixon! Nilimwambia huko kijijini kuna vijana wenye macho mazima. Akasema vijana wanaandika haraka, hawasikilizi. Basi kila Jumapili asubuhi, kwake ikiwa jioni, niliweka simu mezani, naye akatembea kwa mdomo, nyumba hadi nyumba. Nyumba moja iliweza kula Jumapili nzima.

Kijiji chetu kiko Kusini, bara ya Lindi, na si cha zamani sana. Baba aliyakumbuka malori yaliyowazoa watu kutoka makazi yao ya porini na kuwamwaga kando ya barabara, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Walikotoka kukawa mahame: makaburi, vigae, na mikorosho iliyoendelea kuzaa bila kupaliliwa. Pale barabarani hapakuwa na maji. Mama aliyateka bondeni, mwendo wa nusu siku, na mpaka leo hawezi kuona bomba linavuja akanyamaza.

"Nyumba ya tatu," baba alisema, "walikuwa saba, sita wakaniaga. Andika bibi na mbuzi wake."

"Mbuzi naye ni mkazi, baba?"

"Ndiye pekee anayezungumza naye. Andika."

Tulicheka, lakini kurasa zile ziliniuma. Wengine wako Dar, wengine Masasi, wengine wako udongoni. Baba alikuwa na sheria yake: hakuna anayeandikwa amehama mpaka aje mwenyewe kumuaga balozi. Wengi hawakumuaga, kwa hiyo kwenye hesabu yake bado wanaishi pale, ingawa mapaa yao yameshaanguka. Niliudhika, nikamwambia anajidanganya.

Nilikuwa na sababu ya kuudhika. Miaka miwili nyuma nilikula kiapo cha uraia wa Kanada. Ninapanga sahani za chakula cha abiria karibu na uwanja wa ndege, na nilikuwa nimechoka kumnyenyekea kila mwenye muhuri ili nibaki mwaka mwingine. Sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Siku nilipoinua mkono, nilikoma kuwa Mtanzania. Sikumwambia baba. Kila Jumapili nilijiambia nitasema Jumapili ijayo. Mwoga mkubwa mimi.

Tukafika nyumba ya tisa, yetu.

"Mimi. Mama yako. Wewe," alisema. "Na mbele ya jina lako ongeza kwamba shamba la mikorosho kule mahame ni lako. Nimeshazungumza na serikali ya kijiji. Wiki ijayo wanakuandikia."

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika: kiapo, pasipoti mpya, miaka miwili ya kumficha. Mgeni haandikiwi ardhi. Na mimi, baba, kwa sheria ni mgeni.

Nikamsikia akikohoa.

"Uliapa kwa mdomo wako?"

"Ndiyo, baba."

"Na hukuniaga."

"Sikukuaga. Nisamehe."

Hakusema kama amenisamehe. "Basi leo umeniaga. Andika umehama."

"Siwezi, baba. Andika wewe."

"Nitaandika wapi? Daftari liko kwako."

Nililia pale mezani, mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita, nikaandika neno lile mbele ya jina langu. Moyo uliniuma kuliko siku niliyoondoka nyumbani, maana siku ile nilijua nitarudi. Nikamwambia nimeshaandika.

"Nyumba ya tisa, watu wawili," alisema, kwa sauti yake ya kazi.

Nyuma yake nikamsikia mama akipaza sauti kutoka jikoni. "Watatu! Mwambie aandike watatu!"

"Nyumba ya kumi," baba akasema.