Mkwe wangu aliuliza kama anaruhusiwa kunishika

Leo asubuhi nusura nife kwa sababu ya heshima.

Daktari wa Musoma alinikataza kusimama ghafla. Mtu akisimama, ubongo unatakiwa ubane mishipa ili damu ifike kichwani. Wangu umeanza kuchelewa.

Sasa Nyangeta, mke wa mwanangu, akaingia sebuleni na uji. Kwetu hapa Guta baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani kabisa, nami huwa nainuka kumpisha. Nikainuka haraka.

Giza. Jasho la baridi. Moyo unakimbia kama si wangu.

Nikamsikia tu: "Baba! Naruhusiwa kukushika?"

Nataka kujibu, ulimi hautaki.

"Basi, watanisema baadaye!" Akanidaka kabla kichwa hakijafika sakafuni. Uji wote chini.

Wanafunzi wangu wa baiolojia, mnakumbuka nilivyokuwaga najigamba darasani? Mapigo ya moyo, pumzi, presha, vyote ubongo unaviendesha bila kuombwa. Niliona ni habari njema.

Niungame kabla sijaondoka: naogopa. Kazi ambayo hukuiagiza, ubongo ukiisahau utaukumbusha vipi? Hata kusinzia naogopa.

Nyangeta amerudi kukaa mlangoni, mbali, kwa aibu. Kila mara anaita: "Baba, unapumua?"

Nimemwambia asogeze kiti, anishike mkono.

Ndugu wa ukoo mtakaomsema, niandikieni mimi hapa chini, wakati bado najibu.