Kabla Hujasema Futa

Nakumbuka siku moja mjini Bariadi niliposema uongo kwa sababu ya hofu, na hadi leo, mwanangu, nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mpiga chapa kwenye kibanda cha huduma za kuchapa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa mjini, kila mmoja anataka barua yake ipigwe kwa kompyuta. Yetu ilikuwa moja tu, kubwa kama tenga la kuku, na mimi niliyejua kuiwasha nilijiona nimesoma kuliko mji mzima. Usinicheke, na wewe kiburi hicho unacho.

Mzee Masanja wa Nassa alikuja kwangu siku nne mfululizo, kila mchana, kunitajia wosia wake. Shamba na nyumba alimwachia binti yake Kabula, aliyerudi nyumbani kumtunza. Alitaja mipaka jiwe kwa jiwe na majina ya mashahidi, maana alijua watoto wa kaka yake wangesema mtoto wa kike harithi ardhi ya ukoo. Wino wa printa ulikuwa umekwisha, tukausubiri kutoka Mwanza. Kabla haujafika, mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na kauli ikamtoka, asiweze kusema tena.

Wino ulipofika, Kabula alimleta baba yake pamoja na mashahidi wawili, ili aweke dole gumba.

"Mwangaluka, Minza," alinisalimu. "Watoto wa baba mkubwa wameshaanza kupima shamba. Bila hiyo karatasi, sina pa kulala."

Nikawasha kompyuta. Ikanguruma, ikatoa maandishi meupe ya Kiingereza kwenye kioo cheusi, ikasimama. Nikazima, nikawasha tena. Yaleyale.

Mwajiri wangu alikuwa ameniagiza kila jioni ninakili kazi kwenye disketi, kile kisahani cha plastiki tulichotumia kabla ya flashi zenu. Wosia ule niliunakili mchana wa kwanza tu, kisha uvivu ukanishika. Jana yake ndiyo nilikuwa nimeanza kunakili uliobaki, jenereta ikaishiwa mafuta, nikafunga mlango nikaenda zangu. Sikumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilimwita fundi redio wa jirani. Akachungulia kioo akiwa mlangoni.

"Hii imekufa, dada. Tunafuta kila kitu, tunaweka programu upya."

"Na vilivyomo?" Kabula akauliza.

Fundi akanitazama mimi. Nilijua vitapotea. Lakini nilimwogopa mwajiri akija akaikuta mashine imelala, niliogopa aibu, niliogopa macho ya Kabula, nikajibu, "Vitakuwepo tu. Futa, fundi."

Fundi akavuta kiti. Hapo Mzee Masanja akapiga meza kwa mkono wa kushoto, pu! Wote tukashtuka. Akanyoosha kidole, polepole, hadi kikagusa tundu la mbele la kompyuta. Disketi ilikuwa bado mle tangu jana yake. Mchana ule wa kwanza aliniuliza kitu kile ninachokichomeka na kukichomoa ni cha nini, nami nikamweleza kwa majivuno. Mimi mwenye elimu nilisahau, yeye alikumbuka.

Mashine za wakati ule zilitafuta pa kuanzia kwenye disketi kwanza. Zikikuta disketi isiyo na cha kuziwasha, zinagoma. Na yale maandishi meupe, nilipoyasoma sasa, yalisema wazi: toa disketi, bonyeza kitufe chochote. Kiingereza cha kidato cha nne nilikuwa nacho, ila hofu haikunipa nafasi ya kusoma.

Nikachomoa, nikabonyeza. Ikawaka. Nililia mbele ya watu bila haya. Niliunakili wosia mara mbili kabla ya kuuchapa, Kabula akamsomea baba yake kila mpaka na kila jina, na mzee akaweka dole gumba la kushoto mbele ya mashahidi wake.

"Guku," nikamwambia kama ninavyomwita babu yangu, "nilimdanganya Kabula. Nilijua vitapotea."

Mzee akachukua ile disketi mezani, akaiweka kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Sijawahi kukemewa vikali kama siku ile.

Kwa hiyo mwanangu, jana nilipokuona na simu iliyokwama katikati ya kuwaka, kidole kiko juu ya neno "futa", moyo uliniruka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ikigoma tena, ondoa kidole hicho. Soma kwanza kinachoandikwa, hata ukiwa na hofu. Jiulize mkono wako uligusa nini mara ya mwisho, na ulichochomeka, chomoa. Fundi akisema tufute, muulize vilivyomo atavitoaje kwanza; akikosa jibu, chukua chombo chako uondoke. Na mwenye mali usimwambie kamwe "vitakuwepo" ilhali hujui. Ukiogopa, sema umeogopa. Hofu iliyosemwa hupata wa kuisaidia.

Mungu akutulize mkono siku moyo ukienda mbio. Na siku kauli itakapokutoka wewe, akujalie mtu aliyekutunzia maneno yako.