Shemeji Anauliza Siri ya Kupungua Kwangu

Leo nimesifiwa mbele ya wageni, nikatamani kulia.

Wageni wamekuja kufuturu kwetu hapa Iringa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, Ramadhani hii anafunga huku anapunguza kitambi. Hagusi vya mafuta. Kwa hiyo tangu alasiri nimepika mara mbili: magimbi ya nazi ya wageni, samaki chukuchuku wa bwana mkubwa.

Nimepakua. Nimeongeza uji. Nilipokuja kukaa, mabakuli yote matupu.

Shemeji akaniangalia huku anachokoa meno.

"Shemeji, umepungua vizuri! Siri ni nini?"

Wakacheka wote, na mume wangu akiwemo.

Nikamjibu, "Kesho pakua wewe, utaijua."

Kisha mume wangu akauliza kama uji bado upo.

Wapishi wenzangu, ninyi huwa mnafuturu saa ngapi?