Vibao vya Jeki na Jino la Mjomba Shee

Enzi zetu, mtoto wa Mkomani, mtaa wetu wa Amu kisiwani Lamu, aliijua kazi ya kila kipande cha ubao kabla hakijahukumiwa kuwa kuni. Kipande kipana kilizibia banda la kuku, chembamba kilikuwa upanga, na kile kisichofaa kwa lolote tulikikalia tukaburuzana juu ya tope maji yalipokupwa, hadi mama zetu wakatuita kwa majina yasiyoandikwa katika cheti chochote cha kuzaliwa. Tulirudi tukinuka kama kaa, tukaoshwa kisimani bila huruma, tukapewa mkate wa mofa na chai ya tangawizi, kisha tukapelekwa chuoni kusoma Kurani, masikio yetu yangali mekundu.

Nayaeleza haya kwa sababu nimeudhika. Mjukuu wa dada yangu amekuja kutoka Nairobi akivuta nyumba ya tela, akaiegesha Mokowe, ng'ambo, kwa kuwa huku kisiwani haina pa kupita. Miguu yake ya chuma ilipozama mchangani, alituma katika kundi letu la simu picha ya visahani vya plastiki, akaandika: "Babu, hizi ndizo zinawekwa chini ya jeki. Una-order tu." Hilo nililistahimili. Lakini jamaa mmoja mwenye asili ya Tchundwa, kule kisiwa cha Pate, akajibu kwamba vibao vya kuwekea jeki za tela vilijulikana kwao tangu zamani, na kwamba sisi wa mjini tuliiga. Mimi nimeutumikia umma hadi kustaafu, wala sijapata kuliacha kosa likapita mbele yangu bila wino mwekundu. Naomba wenzangu wa rika langu waniruhusu niiweke habari hii mahali pake.

Nyumba ya tela ya kwanza tuliyoiona sisi watoto wa Amu ilikuwa ya daktari wa meno. Ililetwa kwa tishari, ikateremshwa ufukweni, na kwa kuwa mji wetu haukuwa na gari la kuivuta, punda walivuta mbele, wapagazi wakasukuma nyuma, na sisi watoto tukasaidia kwa kelele. Katika vichochoro vyetu punda wawili hawapishani bila mmoja kuomba radhi. Basi nyumba nzima ingepita wapi? Iliachwa kwenye uwanja wa mchanga pembeni mwa mji. Daktari, kijana mnyenyekevu kutoka bara, akazungusha mkono wa chuma, na miguu minne ikashuka kutoka chini ya sakafu. Dirishani mlikuwa na pazia la maua, jambo lililowatuliza wanawake, kwani waliona kwamba mtu mwenye pazia hawezi kuwa mkatili.

Wakati huohuo mjomba wangu Shee alikuwa karibu kuoa. Huyu alikuwa kitinda mimba kwao, ndugu wa mama yangu, na mpenzi mkubwa wa halwa. Jino lake la mbele lilianza kumsumbua tangu posa ilipokubaliwa. Mama alimwonya kila siku, "Shee, mzaha mzaha hutunga usaha," naye kila siku akabandika karafuu na kuagiza halwa nyingine. Juma la harusi lilipofika, usaha ulikuwa umeshatunga. Mdomo wa juu ulivimba pamoja na shavu, na uso wake ulimtangulia kuingia mlangoni.

Bi Mwanakombo, bibi yake bi arusi, alikuja nyumbani kwetu kujionea. Aliketi, akakataa kahawa, akamtazama mjomba kutoka ndani ya buibui lake kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu aliposwa na mtu," akasema. "Hakuposwa na samaki bunju."

"Ni jino tu, Bi," mama akajibu. "Daktari yuko, litang'olewa."

"Ling'olewe basi. Ijumaa kama uso haujarudi, hakuna nikahi hadi Ramadhani ipite. Na mambo mengi hupita katika Ramadhani. Nina mpwa wangu Tchundwa, meno yake yote yako kitwani."

Sasa wasomaji wangu wameona kwa nini jina la mji huo hunipandisha damu. Mjomba alimpenda bi arusi huyo, Bi Khadija, tangu walipokuwa watoto, na sisi sote tulijua. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, aliisukuma halwa kando.

Asubuhi akaenda kwa daktari. Lakini katika mji wetu mgonjwa haendi peke yake kama mwizi. Alisindikizwa na ami zake, jirani, mwalimu wa chuo na mtu mwingine ambaye hakuna aliyejua anahusika vipi, na wote wakaingia ndani ya tela kwa adabu, baada ya kuvua viatu. Sisi watoto tulibaki nje tukilinda viatu, kwa hiyo tuliyaona yaliyotokea chini. Mguu mmoja wa chuma ulizama mchangani taratibu, kisha mwenzake, na nyumba ikainama kama mtu anayetaka kusikia siri. Ndani kukasikika vyombo vikianguka, na mwalimu akitamka shahada.

Daktari akatoka, koleo mkononi. "Mimi siwezi kung'oa jino ndani ya bembea," akasema. "Mgonjwa anaenda kule, koleo langu linakuja huku. Nitang'oa zima nimwachie bovu!"

Ndipo mji mzima ulipojifanya mhandisi. Wakaleta vipande vya matumbawe wakavisukuma chini ya miguu, vikapasuka. Wakaleta makumbi ya nazi. Nyumba ikasimama sawa, lakini daktari alipoingia ikadunda kama kitanda kipya, akatoka tena. Mwishowe daktari mwenyewe akachora mchangani kilichohitajika: vibao vinne vipana, kila kimoja kiwe cha mbao mbili zilizogongwa pamoja, mishipa ya ubao wa juu ikikingamana na ya ule wa chini ili visipasuke, na pembeni tundu lenye kamba ya kukivutia kibao kikizama. Tishari, akaongeza, litakuja kuichukua nyumba kesho adhuhuri, na hiyo kesho ilikuwa Alhamisi.

Kazi akapewa Fundi Athmani, jirani yetu, mchonga milango. Alikuwa fundi kweli, na alilijua hilo kuliko sisi sote. Mbao za sanduku la chai tulizitafuta sisi watoto mji mzima, na kamba tuliisokota wenyewe. Tulimkabidhi baada ya alasiri. Jua likakaribia kuzama bila kibao hata kimoja kutoka, mjomba akawa amelala uani na kitambaa kichwani, na mama akatutuma tukaangalie.

Tulimkuta fundi ameinama, ulimi nje, patasi mkononi, akichonga ua. Vibao viwili vilikuwa vimekwisha kupata maua yao, yale ya duara yenye majani yanayozunguka tumbo la katikati lililobonyea, kama yalivyo kwenye milango ya Mkomani. Kwenye cha tatu ua lilikuwa karibu kwisha, na alikuwa ameanza kuzungushia nakshi ya mnyororo pembeni.

Mama hakungoja tumalize kumweleza. Alijitanda buibui akaenda mwenyewe.

"Fundi! Hivi si vya kwenda tini ya tela, mtangani?"

"Ndivyo, Bi."

"Nani atayaona maua huko tini?"

Fundi Athmani aliinuka kama mtu aliyetukanwa ukoo wake. "Kwani kitu kitoke mkononi mwangu kikiwa utupu? Watu wa bara waje waseme Amu hakuna mafundi?"

"Ndugu yangu anakufa kwa jino!"

"Aniwie radhi. Kimebaki kimoja."

Nimehudhuria vikao vingi katika utumishi wangu, lakini sijapata kusikia hoja zikipangwa kwa ufasaha kama mama alivyozipanga jioni ile, hadi majirani wakafungua madirisha. Alipochoka alikinyakua kibao cha nne kikiwa hakijachongwa kitu, akasema mguu mmoja utavumilia.

Kesho yake alfajiri vibao vikawekwa. Kile kitupu kiliwekwa kwanza, na mguu wa chuma, ambao chini ni mviringo kama sufuria ndogo, ukateleza juu yake mara tu mtu alipokanyaga ngazi. Wakajaribu tena, ukateleza tena. Lakini juu ya vile vyenye maua mguu ulishuka ukaingia katika lile tumbo la katikati, ukakaa humo kama yai kwenye kiota, na hapakuwa na nguvu ya kuutoa. Watu wote kwa pamoja wakamtazama Fundi Athmani.

"Nilijua," akasema fundi.

Kwa ajili ya usahihi nasema wazi: hakujua. Nilikuwepo. Alishangaa kuliko sisi, na mdomo wake ulibaki wazi kiasi ambacho daktari angeweza kumhudumia yeye kwanza. Lakini alikaa palepale mchangani, akachonga ua la nne mbele ya mji mzima, na safari hii mama ndiye aliyemshikia taa, jua lilipokuwa bado halijapata nguvu.

Mjomba aliingia peke yake, kwa amri ya daktari, na nyumba haikutikisika. Tulisikia ukelele mmoja. Jino likatoka, zikatoka na kelele nyingine za aibu ambazo sitazieleza, na kufikia Ijumaa uso ulikuwa umerudi karibu wote. Bi Mwanakombo alimkagua mlangoni, akamgeuza kidevu huku na huku kama anunuaye papai, akasema, "Pitani."

Bi Khadija, mkaza mjomba wangu, amenisimulia mara nyingi yaliyofuata. Alikuwa ameazimia kutulia na kuinamisha macho kama alivyofunzwa. Mjomba akamfunua shela, akatabasamu kwa furaha na pengo lake jipya katikati, harufu ya karafuu ikimtoka, na bi arusi akaangua kicheko kilichosikika hadi kwa wapigaji vigelegele nje. Waliishi pamoja hadi mjomba alipofariki, Mungu amrehemu, na pengo lile hakuliziba kamwe.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Bi Khadija kwenye harusi ya jirani. Bwana arusi alikuwa na meno meupe kama vigae vya hospitali. Mpiga picha akamwambia atabasamu, akatabasamu. Akamwambia arudie, akarudia. Bi arusi naye akawa anaangalia simu kuona kama tabasamu limetoka vizuri. Bi Khadija aliwatazama kwa upole mpaka mwisho, kisha akanivuta mkono.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "meno yote wanayo. Lakini umeona hata mmoja amemchekesha mwenziwe?"